Safari ya Kutafuta Mtoto: Wanandoa wa Goma, Tiba ya Ugumba Ng'ambo na Wajibu Uliobaki Nyumbani

Miongoni mwa wasafiri wanaotoka Goma kila juma kuelekea Kigali, Kampala, Nairobi na miji ya mbali zaidi, wamo wanandoa ambao kusudi la safari yao halitamkwi mbele ya majirani wala, mara nyingi, mbele ya ndugu: wanakwenda kutafuta mtoto. Mhadhara huu unahusu safari hiyo, sababu zinazoizaa, namna inavyofanyika, hatari zake, na hali ya wale wanaorudi. Kwa kuwa umeandaliwa kwa hadhira pana, yaani wauguzi na madaktari, wanasheria, viongozi wa dini, wanafunzi na wanandoa wenyewe, istilahi za kitabibu zitafafanuliwa kila zinapojitokeza.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba matibabu ya ng'ambo ni kipande kifupi cha njia ndefu ambayo mwanzo wake na mwisho wake viko Goma. Ugonjwa unaoziba njia ya uzazi mara nyingi uliingia mwilini hapa na ungeweza kutibiwa hapa. Uchunguzi wa kwanza wa mume na mke unaweza kufanywa hapa. Na mimba inayopatikana ng'ambo hulelewa na kuzaliwa hapa, katika wodi zile zile zinazowapokea wazazi wengine wote. Kwa hiyo swali la ugumba haliwezi kuachiwa zahanati za nchi jirani na mifuko ya wenye uwezo. Ni swali la afya ya umma ya Kivu ya Kaskazini.

Ugumba na vyanzo vyake

Shirika la Afya Duniani linaufafanua ugumba kuwa ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi, wa mwanamume au wa mwanamke, unaotambulika pale ambapo mimba haikupatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kutumia kinga. Wataalamu hutofautisha ugumba wa awali, ambapo mimba haijawahi kutunga kamwe, na ugumba wa baadaye, ambapo mimba iliwahi kutunga lakini sasa haitungi tena. Ripoti iliyotolewa na shirika hilo Aprili 2023 ilikadiria kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima duniani, yaani takribani mtu mmoja kati ya sita, hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yao, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri, zenye asilimia 17.8, na nchi za kipato cha kati na cha chini, zenye asilimia 16.5, ni ndogo mno. Takwimu hiyo inaondoa dhana iliyozoeleka kwamba ugumba ni tatizo la watu wa Ulaya waliochelewa kuoa na kuolewa, na kwamba Afrika, kwa wingi wa watoto wake, haihusiki.

Dhana hiyo ina nguvu ya pekee nchini Kongo, ambako uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2013 na 2014 ulionyesha wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke. Penye wastani mkubwa namna hiyo, asiyezaa hupotea ndani ya hesabu, kwa kuwa mipango ya serikali na ya wafadhili huelekezwa kwenye kupanga uzazi na kupunguza vifo vya wazazi, na mwanamke anayeingia kliniki akilalamika kwamba hapati mimba huonekana kama mtu aliyekosea mlango. Hata hivyo historia ya nchi hii yenyewe inashuhudia kinyume. Uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa na utawala wa Wabelgiji kati ya 1955 na 1957, ambao mtaalamu Anatole Romaniuk aliuchambua katika kitabu chake cha 1967 kuhusu uzazi wa Wakongo, ulibaini kwamba katika sehemu za Équateur na Uele wanawake wengi walifikia mwisho wa umri wa kuzaa bila kupata mtoto hata mmoja, na magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, yalitajwa kuwa chanzo kikubwa. Kivu, kinyume chake, ilikuwa miongoni mwa majimbo yenye uzazi wa juu kabisa, jambo lililowafanya wasiozaa wa huku wawe wapweke zaidi kuliko wenzao wa Équateur na Uele.

Utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kati ya 1979 na 1984, katika vituo 33 vya nchi 25, ulithibitisha kwamba Afrika ina sura yake ya ugumba. Zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wa Afrika waliochunguzwa walikuwa na tatizo lililotokana na maambukizi, ilhali wastani wa dunia ulikuwa asilimia 33. Njia ya madhara hayo inajulikana vizuri: bakteria wa klamidia au wa kisonono, wasipotibiwa, hupanda kutoka mlango wa tumbo la uzazi hadi kwenye mirija, yaani vifereji viwili vyembamba ambamo yai na mbegu ya kiume hukutana, na huacha makovu yanayoiziba. Klamidia ni ya hatari zaidi kwa sababu wanawake wengi walioambukizwa hawasikii maumivu yoyote hadi madhara yawe yamekamilika. Maambukizi ya baada ya kujifungua katika mazingira machafu, na yale ya utoaji mimba unaofanywa kwa siri na mikono isiyo na ujuzi, huleta matokeo hayo hayo, na ndiyo yanayoeleza kwa nini ugumba wa baadaye ni mwingi katika ukanda huu.

Kwa Kivu ya Kaskazini kuna jambo la kuongeza. Vita vilivyoanza katika miaka ya 1990 vimeandamana na ubakaji uliofanywa silaha, na hospitali ya HEAL Africa ya Goma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kama ile ya Panzi iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, zimejulikana duniani kwa kutibu fistula, yaani tundu lisilo la kawaida kati ya uke na kibofu au utumbo, na majeraha mengine ya viungo vya uzazi. Si kila mwanamke aliyetendewa ukatili huo hupoteza uwezo wa kuzaa, na ni kosa kumtazama kwa jicho hilo. Lakini maambukizi yasiyotibiwa mapema, kwa sababu mwathirika alijificha au alikuwa porini, yamewanyima wengine mtoto miaka mingi baada ya jeraha la nje kupona. Makambi ya wakimbizi wa ndani, yenye msongamano na uhaba wa dawa, yamerefusha orodha hiyo.

Hatimaye inafaa kusisitizwa kwamba katika takribani nusu ya jozi zisizopata mtoto kuna tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Mbegu zake zinaweza kuwa chache, dhaifu, au kutokuwepo kabisa, na wala nguvu zake kitandani wala watoto aliowahi kupata zamani si uthibitisho kwamba leo mbegu zake ni nzima.

Uzito unaobebwa na mke

Ukweli huo wa kitabibu unapingana na mazoea ya jamii. Katika familia nyingi za Goma, za Wanande, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga au Wabashi waliohamia mjini, ndoa iliyotolewa mahari hungojewa izae, na mwanamke huanza kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, jina ambalo ndilo heshima yake mtaani na kanisani. Mwaka wa pili au wa tatu ukipita bila mimba, maswali ya wakwe na mawifi huanza, nayo huelekezwa kwake peke yake. Mume hushauriwa kutafuta mke mwingine, au kupata mtoto nje kwa siri, na mara nyingine mke hurudishwa kwao. Kwa kuwa lawama imekwisha kuamuliwa, wengi hawamwombi mwanamume apimwe, naye mwenyewe huogopa kipimo hicho zaidi ya gharama yoyote.

Matokeo ya kwanza ya hali hiyo ni kupotea kwa muda. Mke huzunguka kwa waganga wa mitishamba, vyumba vya maombi na zahanati ndogo zinazomwandikia dawa bila kumchunguza, na miaka mitano au kumi hupita kabla ya jozi kufika kwa mtaalamu. Matokeo ya pili ni kwamba umbali wenyewe hugeuka kuwa sehemu ya tiba, kwa maana kwamba katika mji ambapo muuguzi ni jirani na mfanyakazi wa maabara ni muumini wa parokia ile ile, wanandoa huona kwamba siri yao itasitiriwa vizuri zaidi Kigali au Kampala. Mwanaanthropolojia Marcia Inhorn, aliyechapisha mwaka 2015 utafiti wake kuhusu wanandoa wanaokwenda Dubai kutoka nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, alionyesha kwamba wasafiri wa namna hii husukumwa na mambo kadhaa kwa pamoja: kukosekana kwa huduma nyumbani, kutoiamini iliyopo, gharama, makatazo ya sheria au dini, na hamu ya kusitiriwa. Kwa Goma sababu ya kwanza na ya mwisho ndizo nzito zaidi.

Tiba yenyewe na inavyofanya kazi

Kinachotafutwa ng'ambo, baada ya dawa za kupevusha mayai na upasuaji wa kawaida kushindwa, ni utungishaji wa yai nje ya mwili. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, baada ya kazi ya miaka mingi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, na Edwards alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Mwaka 1992 watafiti wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit mjini Brussels walitangaza mbinu ya kuingiza mbegu moja tu ya kiume moja kwa moja ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno, na hivyo kuwawezesha kuwa baba wanaume ambao mbegu zao ni chache sana. Ugunduzi huo ulifanyika katika mji mkuu wa taifa lililoitawala Kongo, mji ambao Wakongo wengi wanaishi humo, lakini umechukua muda mrefu kuwafikia jamaa zao waliobaki.

Tiba hufuata ratiba ya mwili wa mwanamke na haingoji. Kwa siku 8 hadi 14 huchomwa sindano za homoni, yaani vichocheo vinavyofanya ovari zipevushe mayai mengi kwa wakati mmoja badala ya moja, na katika siku hizo hupimwa mara kwa mara kwa ekografia, kipimo kinachoonyesha viungo vya ndani kwa mawimbi ya sauti. Mayai yakipevuka huchotwa kwa sindano maalumu na kuchanganywa na mbegu za mume katika maabara. Viinitete vinavyopatikana, yaani mimba katika siku zake za kwanza kabisa, hulelewa humo kwa siku tatu hadi tano, kisha kimoja au zaidi huwekwa katika tumbo la uzazi, na baada ya takribani wiki mbili damu hupimwa kujua kama mimba imeshika. Kwa jumla ni wiki nne hadi sita, na baadhi ya dawa zake ni lazima zihifadhiwe katika baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, sharti ambalo si rahisi katika mji ambao umeme wake hukatika.

Tiba hii haimhakikishii yeyote mtoto. Nchini Uingereza, ambako mamlaka ya serikali hukusanya na kutangaza matokeo ya vituo vyote, takribani theluthi moja ya viinitete vinavyopandikizwa kwa wanawake walio chini ya miaka 35 huleta mtoto aliye hai, lakini kwa wanawake waliovuka miaka 43 wakitumia mayai yao wenyewe uwiano huo hushuka hadi karibu kimoja kati ya ishirini. Ndiyo maana miaka inayopotea kabla ya uchunguzi ni hasara ambayo fedha haziwezi kuirudisha.

Njia zinazotoka Goma

Njia ya kwanza na ya karibu ni Kigali, umbali wa takribani kilomita 160 kwa barabara ya lami inayopita Rubavu na Musanze. Wengine huendelea Kampala, ambako kituo cha Women's Hospital International and Fertility Centre cha Bukoto, chini ya Daktari Edward Tamale Sali, kilipata mtoto wa kwanza wa utungishaji wa nje ya mwili nchini Uganda mwaka 2004, na ambako Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha, habari iliyozunguka dunia na kuwapa wengi tumaini kubwa kuliko linaloruhusiwa na takwimu. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2006 kupitia kituo cha Daktari Joshua Noreh mjini Nairobi. Wenye uwezo zaidi huenda India, ambako huduma kwa wagonjwa wa kigeni ni kazi kubwa ya hospitali binafsi, au Dubai.

Ulaya ni njia ya wale wenye jamaa huko. Nchini Ubelgiji, tangu 2003, bima ya afya hugharimia maabara ya mizunguko sita ya tiba kwa mwanamke ambaye hajafikisha miaka 43, na sheria ya Julai 2007 inaweka kikomo cha miaka 45 kwa kuchota mayai na 47 kwa kupandikiza kiinitete. Mkongo anayeishi Brussels na kulipa michango yake hunufaika na utaratibu huo sawa na raia; dada yake aliyetoka Goma kwa viza ya matembezi hulipa kila kitu. Watafiti Doris Bonnet na Véronique Duchesne, katika kitabu walichokihariri mwaka 2016 kuhusu Waafrika na tiba ya uzazi, wameeleza jinsi jozi za Kiafrika zinavyosafiri kati ya miji ya Afrika na ya Ulaya, zikitegemea ukoo kwa malazi, fedha na usiri.

Kinshasa, mji mkuu wa nchi yenyewe, uko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma bila barabara inayopitika moja kwa moja, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, wakati mji ulipotwaliwa na kundi la M23, hata safari hiyo ya ndani ya nchi hulazimu kupitia nchi nyingine.

Gharama ni maelfu ya dola kwa mzunguko mmoja, bila kuhesabu nauli, chumba cha kupanga na siku ambazo biashara imefungwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika baadhi ya nchi mzunguko mmoja unaweza kugharimu mara mbili ya kipato cha mwaka mzima cha familia ya kawaida. Nchini Kongo, ambako Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya watu saba kati ya kumi waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku, wanaofika maabara ya ng'ambo ni wachache, nao hufika kwa kuuza kiwanja, kwa zamu ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, au kwa mchango wa ndugu aliye ng'ambo. Walio wengi hawasafiri kabisa, na sera inayowatazama wasafiri peke yao huwasahau hao.

Mpaka na kalenda ya mwili

Goma na Gisenyi ya Rwanda ni miji iliyoshikana, na maelfu ya watu huvuka kila siku katika kivuko cha mpakani cha Petite Barrière. Mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, uliotiwa saini Gisenyi mwaka 1976, na kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vilikusudia kurahisisha uvukaji huo. Lakini historia ya karibuni inaonyesha kwamba mpaka huu hutii magonjwa, volkano na vita kabla ya kutii mikataba. Rwanda iliufunga kwa saa kadhaa tarehe 1 Agosti 2019 baada ya visa vya Ebola kuonekana Goma. Ugonjwa wa UVIKO-19 uliufunga kuanzia Machi 2020. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliwafanya maelfu ya watu wavuke usiku wakikimbia. Na mapigano ya Januari 2025 yaliuleta mstari wa vita ndani ya mji.

Kwa mfanyabiashara, siku mbili za mpaka kufungwa ni hasara inayoweza kufidiwa. Kwa mwanamke aliye katika siku ya tisa ya sindano, siku hizo mbili zinaweza kuwa mwisho wa mzunguko wote, kwa sababu mayai yaliyopevuka hayangoji, na fedha zilizokwisha kulipwa hazirudi. Kuna hatari nyingine pia: ovari zilizochochewa kupita kiasi zinaweza kuvimba na maji kujaa tumboni, hali inayohitaji hospitali haraka, nayo yaweza kutokea baada ya mgonjwa kurudi Goma, mbele ya daktari asiyejua alichomwa dawa gani. Jozi inayopanga safari yapaswa kwa hiyo kukaa mahali pa tiba muda wote wa mzunguko, na si kwenda na kurudi kwa lengo la kupunguza gharama au kuficha safari.

Sheria na dini

Msafiri huhama pia kutoka sheria moja kwenda nyingine. Bunge la Rwanda lilipitisha Agosti 2025 sheria mpya ya huduma za afya inayogusa uzazi wa kusaidiwa na kumbebea mtu mwingine mimba. Kenya imekuwa na mswada wa 2022 wa mbunge Millie Odhiambo, na Uganda mswada wa 2023 wa mbunge Sarah Opendi, yote miwili ikilenga kusajili vituo na kulinda haki za mtoto. India, kwa sheria zake za 2021, imeweka kikomo cha miaka 50 kwa mwanamke na 55 kwa mwanamume, na haiwaruhusu tena wageni kuajiri mwanamke wa kuwabebea mimba. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoruhusu watu na mitaji kuvuka mipaka, haina kanuni moja ya kumlinda mgonjwa anayevuka kutafuta mtoto.

Upande wa Kongo, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamhesabu mume kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, na kanuni hiyo inawatosha wanandoa waliotumia mayai na mbegu zao wenyewe. Ugumu huanza pale yai, mbegu au tumbo linapokuwa la mtu wa tatu, kwa maana hapo mtoto anaweza kuwa na karatasi za nchi moja zisizolingana na sheria ya nchi nyingine. Jozi inayofikiria njia hiyo inahitaji mwanasheria kabla ya daktari.

Dini nazo zimezungumza. Kanisa Katoliki, katika hati ya Donum Vitae ya 1987 na Dignitas Personae ya 2008, linakataa utungishaji wa nje ya mwili, likifundisha kwamba uzazi haupaswi kutenganishwa na tendo la ndoa na kwamba kila kiinitete ni uhai unaostahili heshima; hata hivyo linakubali tiba zinazorejesha uwezo wa kuzaa, kama kuzibua mirija. Fatwa ya Sheikh Gad al-Haq wa Misri ya mwaka 1980 iliruhusu utungishaji huo baina ya mume na mke walio katika ndoa, na ikakataza kuingiza mtu wa tatu. Wanandoa waumini wa Goma hukutana na mafundisho haya wakiwa peke yao, mara nyingi wakiwa tayari wamelipa. Viongozi wa dini wangewatendea haki kwa kuwapokea mapema na kuwasikiliza bila kuwahukumu.

Kurudi

Jozi hurudi Goma katika moja ya hali mbili. Walio wengi, kwa mujibu wa takwimu zilizotajwa, hurudi bila mimba baada ya mzunguko wa kwanza, wakiwa na deni na siri isiyowaruhusu kulia mbele ya watu. Wengine hurudi na mimba ambayo huenda ikawa ya mapacha au watatu, kwa kuwa vituo vinavyoshindana kwa idadi ya mimba, na wagonjwa wasioweza kulipia safari ya pili, hushawishika kupandikiza viinitete vingi kwa mara moja. Mimba za namna hiyo huongeza shinikizo la damu kwa mama na uwezekano wa kujifungua kabla ya wiki 37, na mtoto njiti huhitaji kuvezi, yaani kisanduku cha joto, oksijeni na wauguzi waliofunzwa. Kituo kilichopata mimba huihesabu kuwa ushindi wake. Hatari yake huachiwa hospitali ya Goma ambayo haikushauriwa.

Hapo ndipo ukosefu wa takwimu unapoumiza. Mtandao wa Afrika wa kuratibu takwimu za tiba hii, ambao ripoti yake ya kwanza ilihusu mwaka 2013, hutegemea hiari ya vituo, na jozi ya Goma inayochagua kati ya miji mitatu haina orodha ya wazi ya kulinganisha; huchagua kwa tangazo au kwa maneno ya mtu aliyefanikiwa, wakati walioshindwa wamenyamaza.

Wajibu uliobaki nyumbani

Mambo manne yanafuata kutokana na haya yote, nayo yamepangwa kwa uzito wake.

La kwanza ni kuzuia. Kutibu klamidia na kisonono kwa wapenzi wote wawili kwa wakati mmoja, kuzalishwa na mikono safi, kumtibu mwathirika wa ubakaji ndani ya saa 72 za kwanza, na kutibu maambukizi ya baada ya kujifungua kabla hayajapanda, ni kazi ambazo vituo vya afya vya Goma vinazijua na ambazo gharama yake hailingani hata kidogo na ya utungishaji wa maabara. Kila mrija uliookolewa ni safari isiyohitajika.

La pili ni kuchunguza mume na mke pamoja, hapa Goma, baada ya mwaka mmoja bila mimba, au baada ya miezi sita ikiwa mke amevuka miaka 35. Spemogramu, yaani kipimo cha idadi na nguvu ya mbegu za kiume, ekografia, vipimo vya homoni na picha ya mionzi inayoonyesha kama mirija imefunguka, havihitaji maabara ya utungishaji. Daktari anayekataa kumwandikia mke dawa yoyote hadi mume apimwe hulinda haki ya wote wawili, na huenda akaondoa lawama iliyodumu miaka kumi kwa kipimo cha nusu saa.

La tatu ni kuiunganisha Goma na ng'ambo. Anayesafiri aondoke na barua na matokeo ya vipimo vyake, na arudi na faili inayoonyesha dawa alizopewa, idadi ya viinitete vilivyopandikizwa na hatari zinazotarajiwa. Kabla ya kulipa, jozi iulize kituo ni wanawake wangapi wa umri wa mke waliojifungua mtoto hai, na si wangapi walioshika mimba tu. Iulize pia kama kitakubali kupandikiza kiinitete kimoja, na nani atajibu simu wakati wa usiku. Kazi ya kudai majibu hayo kwa niaba ya wagonjwa wote, kwa sajili ya pamoja ya vituo, ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

La nne ni kuileta tiba karibu kwa bei inayofikika. Desemba 2007 wataalamu wa Ulaya na Afrika walikutana Arusha kujadili ugumba katika nchi zinazoendelea, na kutokana na juhudi hizo daktari Mbelgiji Willem Ombelet na wenzake walitengeneza maabara iliyorahisishwa, ambayo watoto wake wa kwanza walizaliwa Ubelgiji mwaka 2012 na ambayo baadaye ilifika Ghana. Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kabisa kuhusu ugumba, wenye mapendekezo 40, likizitaka serikali ziingize kinga, uchunguzi na tiba hii katika huduma za kawaida za afya. Mji wenye wanandoa wengi wanaovuka mpaka una sababu ya kutaka, amani itakaporejea, kwamba kituo kimoja cha umma cha Kivu kiandaliwe kwa kazi hiyo.

Haki ya kuunda familia imo katika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na mkutano wa Cairo wa 1994 uliiweka kinga na tiba ya ugumba ndani ya afya ya uzazi, bega kwa bega na kupanga uzazi. Serikali na wafadhili waliokubali nusu ya kwanza ya ahadi hiyo hawana hoja ya kuikataa ya pili. Na kwa kuwa zipo jozi ambazo hazitapata mtoto hata maabara ikijengwa kando ya Ziwa Kivu, jamii inadaiwa jambo lisilohitaji fedha wala pasipoti: kumheshimu mke kwa jina lake mwenyewe, kumwachia mume nafasi ya kupimwa bila kuchekwa, na kuacha kuipima ndoa ya watu wawili kwa idadi ya waliozaliwa ndani yake.